BAADA YA BUNDUKI KULIA

Bunduki zina historia ndefu katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda mpaka Ujiji. Wafanyabiashara walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walileta bunduki na baruti. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na askari wengi wa bunduki walioitwa rugaruga. Siku hizo watemi ndio walioamua kesi za kuua. Leo zinaamuliwa na mahakama.

Hata leo wako wanavijiji wenye magobore. Wengine huwinda. Wengine hulinda mifugo na mazao. Je, mtu akipiga risasi ili kujiokoa, nini hufuata?

Sheria inasema nini?

Sheria ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kujitetea. Anaweza pia kumtetea mtu mwingine na kulinda mali. Lakini atumie nguvu inayohitajika tu. Asizidishe.

Tuchukue mfano wa mfugaji mmoja. Usiku anasikia ng'ombe wakihangaika zizini. Anatoka na gobore lake lenye kibali. Mwizi anamrukia kwa panga. Mfugaji hana pa kukimbilia. Anafyatua, na mwizi anakufa. Kama mfugaji aliamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kwamba angeuawa, sheria inamlinda.

Sasa tubadili mfano. Mwizi anaona gobore, anatupa panga, anakimbia. Mfugaji anampiga risasi mgongoni. Hapo hatari ilikuwa imekwisha. Imebaki hasira. Anayeua kwa kuzidisha nguvu katika kujitetea ana kosa la kuua bila kukusudia. Anaweza kufungwa hata maisha. Mahakama ikiona kwamba alikusudia kuua, kosa ni mauaji, na adhabu yake ni kifo.

Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa jingine, hata kama ulijitetea kwa haki.

Miaka ya 1980 wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliunda Sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Walisaidia sana. Lakini baadhi yao waliua watuhumiwa, nao wakashtakiwa. Kumshika mwizi ni jambo moja. Kumhukumu ni kazi ya mahakama.

Mambo ya kufanya

1. Piga yowe, majirani waje.
2. Aliyejeruhiwa akiwa hai, apelekwe hospitali haraka, hata kama ni mwizi.
3. Mpe habari mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, na polisi.
4. Usihamishe maiti, panga, wala bunduki. Vitu hivyo ni ushahidi.
5. Sema kweli. Una haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu kabla ya kuandika maelezo polisi.
6. Usifiche jambo kwa kulipa fidia kimyakimya. Fidia ya wazee haifuti kesi ya mauaji.

Polisi wanaweza kumshika mtu hata kama alijitetea kwa haki. Kushikwa si kuhukumiwa. Lakini shtaka la mauaji halina dhamana, na Mahakama ya Mwanzo haiwezi kuliamua. Kwa kawaida husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina ofisi yake mjini Tabora. Mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kungoja kunaweza kuwa kurefu. Wakati huo, nani atalima tumbaku? Nani atachunga ng'ombe?

Maumivu ya moyo

Aliyeua ili kujiokoa huumia pia. Anaweza kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, au kuota mlio uleule kila usiku. Anaweza kukwepa njia ya zizini. Wengine hukimbilia pombe, na pombe huzidisha tabu. Mke na watoto waliosikia mlio huo nao huogopa.

Hii si dalili ya woga wala ya uchawi. Ni jeraha la moyo. Zamani makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yalimtakasa mtu aliyeua vitani, kabla hajarudi kukaa na wenzake. Wazee walijua kwamba moyo wake unahitaji matunzo.

Basi, jirani akipatwa na jambo hili, tusimsifu kama shujaa, wala tusimtenge. Tukae naye, tumsikilize. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, aende kituo cha afya. Akisema anataka kujiua, apelekwe siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Familia ya marehemu nayo ina msiba. Watoto wake hawakuiba.

Zizi imara, mbwa, na majirani wanaoitikia yowe vinaweza kuokoa ng'ombe bila kumwaga damu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali

1. Mifano miwili ya mfugaji inatofautianaje?
2. Kwa nini tusihamishe vitu mahali pa tukio?
3. Kijiji chenu kinaweza kufanya nini ili watu wasilazimike kutumia bunduki?