Kukamatwa si kutiwa hatiani: Kumbukumbu za polisi hufutwaje?

WAHENGA walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mitaani methali hiyo imegeuzwa kuwa hukumu. Anayeonekana akipakiwa katika gari la polisi huhesabiwa mkosaji hata kabla hajafikishwa kituoni.

Sheria ya Kenya haikujengwa juu ya methali hiyo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo, mtu anaweza kuachiliwa na mahakama, akarudi kwao, na miaka kadhaa baadaye akakuta jina lake bado limo katika majalada ya polisi.

Katika Kaunti ya Kwale jambo hili linagusa riziki. Kijana wa Msambweni anayetafuta kazi ya ulinzi katika hoteli ya Diani, au dada wa Ukunda anayepanga kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, aghalabu hudaiwa cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Maombi hujazwa kwa mtandao wa eCitizen, kisha mwombaji huchukuliwa alama za vidole ili zilinganishwe na zile zilizohifadhiwa Nairobi.

Ni vyema basi kufahamu kumbukumbu hizo ni zipi, nani ana haki ya kuzisoma na namna zinavyoweza kufutwa.

KUMBUKUMBU TATU

Ya kwanza ni kitabu cha matukio kituoni, ambacho wengi hukijua kwa jina la OB. Humo huandikwa taarifa zinazoletwa na wananchi pamoja na watu wanaokamatwa. Ya pili ni alama za vidole na picha za mshukiwa, ambazo hupelekwa makao makuu ya DCI katika barabara ya Kiambu, Nairobi. Ya tatu ni jalada la mahakama, iwe ni ya Kwale, ya Msambweni au kwingineko.

Kumbukumbu hizi haziko wazi kwa kiwango kimoja. Kesi husikilizwa hadharani kwa mujibu wa Katiba, na hukumu nyingi huchapishwa katika tovuti ya Kenya Law, ambako yeyote mwenye intaneti aweza kuzisoma bila malipo. OB, kwa upande wake, si kitabu cha kufunuliwa na kila apitaye. Aliyepiga ripoti hupewa nambari yake, lakini jirani au mwajiri hana ruhusa ya kuingia kituoni na kupekua majina ya waliolala korokoroni.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisi husika hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Lakini sheria hiyo hiyo huruhusu habari kuzuiliwa iwapo kuitoa kutavunja faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Kwa hivyo, mtu anayeomba habari zake mwenyewe ana nguvu kuliko anayetaka kujua ya mwenzake.

Kenya inatofautiana hapa na Marekani. Katika majimbo kadhaa ya huko, orodha ya waliokamatwa na hata picha zao huwa wazi kwa umma, na anayetaka zifichwe huenda mahakamani kuomba amri ya kulifunga jalada.

SHERIA YASEMA NINI?

Kenya haina utaratibu wa jumla wa kufunga majalada kama huo wa Marekani. Wala haina sheria kama ile ya Uingereza ya 1974, ambayo huihesabu hatia kuwa imepitwa na wakati baada ya miaka maalumu. Lakini hii haina maana kwamba aliyeachiliwa hana pa kushika.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaeleza kuwa mtu ambaye hajawahi kutiwa hatiani, akiachiliwa na mahakama, alama zake za vidole, picha na vipimo vilivyochukuliwa sharti viharibiwe au akabidhiwe mwenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba nacho hutoa haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomdhuru mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaongeza haki ya kutaka data ifutwe ikiwa ni ya uongo, imepitiliza mahitaji au ilipatikana kinyume cha sheria.

Tatizo ni kwamba mahakama ya Msambweni ikimwachilia mtu, habari hiyo haijipeleki yenyewe Nairobi. Isipofika, jalada la DCI huendelea kusoma kana kwamba kesi ingali inaendelea.

Mzigo huo humwangukia mwananchi. La kwanza ni kuomba katika masjala ya mahakama nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. La pili ni kuipeleka DCI pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu zirekebishwe, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Akinyimwa habari, anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Na iwapo data yake imetumiwa vibaya, hulalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye sheria inamtaka achunguze na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90.

TAZAMA KESI ILIVYOKWISHA

Wengi hutoka mahakamani wakishangilia bila kuuliza wameachiliwa kwa kifungu kipi. Kesi ikiondolewa na upande wa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai, mtu huachiliwa lakini aweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Ikimalizika chini ya kifungu cha 210, kwa kuwa ushahidi haukutosha hata kumfanya ajitetee, huyo ameondolewa hatia kabisa. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kutazamwa katika nakala ya uamuzi.

Kwa watoto, ulinzi ni mkubwa zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inakataza mtoto kutajwa kwa maneno ya kutiwa hatiani au kuhukumiwa.

Aliyetiwa hatiani kwa haki ndiye mwenye njia finyu. Amebaki na rufaa, au msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba.

DENI LA WANAHABARI

Kwale inaelewa uzito wa jambo hili. Serikali ililitangaza kundi la Mombasa Republican Council kuwa haramu mwaka 2010. Julai 2012, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha marufuku hiyo. Oktoba mwaka huo huo polisi walivamia Kombani na kumkamata mwenyekiti wa kundi hilo pamoja na wafuasi. Katika misako ya namna hii, kukamatwa hupamba kurasa za mbele siku ya pili. Kuachiliwa, kukitokea, hupata aya mbili katika kurasa za ndani, au hakupati chochote.

Sisi wa vyumba vya habari tunadaiwa hapo. Zamani gazeti la jana lilifungiwa maandazi. Leo habari hukaa katika tovuti, na mwajiri huipata kwa kuandika jina tu. Iliyotangaza kukamatwa haina budi kuongezewa namna kesi ilivyokwisha.

Kwa aliyeachiliwa, shauri ni moja: asingoje hadi siku ya kutafuta kazi. Akachukue karatasi yake mahakamani mapema, kwa maana kutoka Msambweni hadi barabara ya Kiambu ni zaidi ya kilomita 500, na nafasi ya kazi haimngoji msafiri.