Upepo wa Matairi ni Kazi ya Nani Nyumbani?

"Mama, hili tairi halikufa leo."

Aliyetuambia maneno hayo ni kijana fundi pancha, chini ya mwembe kando ya barabara ya Bagamoyo, baina ya Mapinga na Kerege. Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Sisi akina mama watatu tulikuwa tumesimama tukimtazama akifanya kazi, na watoto watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakila maandazi tuliyoyabeba kwa ajili ya wenyeji wetu. Tulikuwa tunakwenda Bagamoyo mjini kwenye kipaimara cha binti wa dada yetu, na mmoja wetu ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Tulipofika kanisani watu walikuwa wanatoka. Binti alisimamiwa na jirani. Alitusalimia kwa adabu, "Shikamooni mama," lakini macho yake tuliyaona.

Mpendwa msomaji, tunakueleza kisa hiki kwa sababu chombo cha kuzuia yote hayo tulikuwa nacho ndani ya gari. Ni ile pampu ndogo ya upepo inayotumia betri, isiyo na waya wa kuchomeka kwenye gari, ambayo sasa inauzwa katika maduka mengi ya vipuri. Ukubwa wake ni kama chupa ya maji ya nusu lita. Unaichaji kwa waya kama simu, unafunga mpira wake kwenye valvu, kile kimdomo cha kujazia upepo, unapanga namba unayoitaka, unabonyeza, nayo ikifika pale inasimama yenyewe. Baba wa nyumba aliinunua akaileta akisema, "Haya mama, sasa huna haja ya kumsubiri mtu." Tulifurahi sana. Na kweli, kwa muda wa wiki tatu hatukumsubiri mtu. Hapo ndipo tulipokosea.

Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa likipungua. Jumatatu tunajaza 32, Alhamisi linasoma 27. Tunajaza tena. Jumatatu nyingine limeshuka tena, tunajaza tena, tunaendelea na safari zetu za shule na sokoni. Tulijisifu kwamba tumekuwa mafundi. Zamani, kabla ya pampu, tairi la namna hiyo lingetulazimisha kwenda kwa fundi siku ya pili tu, kwa kuwa tungelikuta limelala. Pampu ilitupa raha ya kuliahirisha tatizo.

Jumapili ile tuliondoka Bunju alfajiri bila kupima. Tulipopita Mapinga gari lilianza kuvuta upande, na mtoto mmoja nyuma akasema anasikia harufu ya mpira. Tuliposimama tairi lilikuwa limekwisha kabisa, na ukilishika mkono unaungua. Tukatoa pampu. Ilikuwa haina chaji, maana watoto walikuwa wameitumia wiki nzima kujazia mpira wa miguu. Tukatoa tairi la akiba. Nalo lilikuwa tupu! Hatukumbuki mara ya mwisho lilipimwa ni lini. Dereva wa bodaboda ndiye aliyetuokoa, akalibeba lile tairi la akiba hadi kwa fundi na kulirudisha limejaa, kisha tukalifunga na kwenda na lile bovu hadi pale mwembeni.

Fundi alilitoa tairi kwenye rimu, akaingiza mkono ndani, akautoa ukiwa umejaa unga mweusi. "Lilianza kufa lini, mwanangu?" tukamuuliza. Akatuonyesha msumari, kichwa chake kimeshasagika na lami kikang'aa. Msumari ungezibwa siku ya kwanza na mambo yakaisha. Ila tairi likitembea bila upepo, kuta zake hukunjwa baina ya rimu na barabara, zikajisaga kwa ndani. Ule unga ndio mwili wa tairi wenyewe. Tulimwomba alizibe alijaze tupate kwenda, akakataa. Alisema tairi lililosagwa kuta ukilijaza laweza kupasuka mbele ya uso wa anayejaza, au baadaye njiani. Tulimshukuru, ingawa wakati ule hatukuwa na furaha. Tulinunua jingine, na hesabu ya mwezi ule iliharibika.

Tuliporudi nyumbani tulikaa tukajiuliza: upepo wa matairi ni kazi ya nani? Katika nyumba nyingi jibu ni "ya baba," na baba naye yuko kazini Dar wiki nzima, au yuko safarini, na anayeendesha gari lenye watoto ni mama. Sisi tunajua homa ya mtoto kwa kumgusa shingo. Tunajua gesi inakaribia kwisha kwa kuinyanyua mtungi. Kwa nini kitu kinachobeba watoto wote kwa pamoja tusikijue? Wapo akina mama watakaosema mambo ya gari yanachafua mikono. Yanachafua kidogo sana, kuliko kuparua samaki.

Basi tueleze tulichojifunza, kwa mafundi na kwa makosa yetu.

Jambo la kwanza ni kuijua namba ya gari lako. Usiulize jirani anajaza ngapi. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, utakuta kibandiko. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, hivyo maandishi utayakuta ya Kijapani, lakini namba ni namba. Ukiona 220 au 230 hicho ni kipimo cha kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, kile kipimo ambacho mafundi wetu hukitaja kwa namba tupu: thelathini, thelathini na mbili. Kwa mfano 220 ni karibu 32. Vibandiko vingine vinatoa namba mbili, ya gari jepesi na ya gari lililojaa watu na mizigo. Namba kubwa iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe si ya kufuata. Ile ni kikomo cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, na tumekutana na watu waliokuwa wakijaza hiyo kwa miaka. Gari lao linarukaruka, na meno ya tairi yanaliwa katikati. Upepo ukiwa mdogo huliwa pembeni, mafuta yanakwenda zaidi, na tairi linapata joto kwa sababu ya kukunjwa kila linapozunguka. Joto hilo ndilo linalopasua matairi kwenye lami ya mchana.

Pima asubuhi gari likiwa limelala. Ukishaendesha, hewa ya ndani inapata joto na namba inapanda. Hata hali ya hewa tu, joto likiongezeka nyuzi 10 za Sentigredi, namba hupanda kwa moja hadi mbili. Kwa hiyo ukipima saa nane mchana baada ya kutoka sokoni ukakuta 36, usitoe upepo ukidhani umezidi. Kesho asubuhi utakuta umepungua. Wenye ujuzi wanasema gari liwe limesimama saa tatu au zaidi.

Sasa siku yetu ni Jumamosi, kabla jua halijawa kali, wakati chai iko jikoni. Tunafungua kifuniko cha valvu (usikiweke chini kwenye mchanga, kiweke kwenye mfuko wa kanga au mdomoni kama fundi!), tunafunga mpira wa pampu haraka kwa kuwa hapo upepo kidogo hutoka, tunasoma namba kabla ya kubonyeza chochote. Namba hiyo tunaiandika. Hili ndilo tulilokuwa hatulifanyi. Tuna daftari la shule lililobaki kurasa, lenye safu tano: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, na la akiba. Halafu ndipo tunajaza.

Daftari ndilo linaloipa pampu maana. Tairi zima kabisa hupoteza moja hadi mbili kwa mwezi, na hilo halina tatizo. Tairi linalopoteza nne au tano kwa siku tatu lina tundu, hata kama hulioni. Ukilijaza mara ya pili bila kwenda kwa fundi unafanya tulichofanya sisi. Kabla ya kwenda, chukua maji ya sabuni na sifongo ya vyombo, paka kwenye valvu kwanza, kisha kwenye meno na kuzunguka rimu. Patakapotoa povu ndipo. Huku pwani usishangae povu likianzia kwenye valvu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi na mchanga havina urafiki na chuma. Ndiyo maana kile kifuniko kidogo ambacho watoto hupenda kukichezea kina kazi yake. Upande wa Bunju, Mapinga na Kerege tatizo letu kubwa zaidi ni misumari, kwa sababu nyumba zinajengwa kila kona na mbao za ujenzi zinashushwa popote.

Kuhusu pampu yenyewe, tuseme machache. Kazi yake ni kuongeza upepo uliopungua, na hiyo huifanya kwa dakika chache kwa kila tairi. Kujaza tairi lililolala kabisa inachukua muda mrefu zaidi, inapiga kelele, inapata moto, na kijitabu chake kitakuambia uipumzishe baada ya dakika kadhaa. Utii. Mpira wake wa kujazia nao unaunguza ukiushika mara tu baada ya kazi. Betri za namna hii hazipendi jua, hivyo usiiache juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa ufukweni. Ichaji hata kama hujaitumia, mara moja kila miezi miwili. Na siku ya kwanza, mwombe fundi unayemwamini apime tairi lile lile kwa geji yake, uone kama pampu yako inasema kweli. Ya kwetu inazidisha kwa moja, tumeshaizoea.

Watoto je? Hatukuwanyima, ila sasa wanaomba. Mpira wa miguu unahitaji upepo mdogo sana kuliko tairi, na aliyepanga 32 kwenye mpira atausikia ukipasuka. Baiskeli nyingi za mitaani kwetu zina valvu ya aina nyingine, kwa hiyo tafuta kile kijiungio kidogo kinachokuja kwenye boksi kabla hakijapotea. Mtoto wetu mmoja aliuliza nani aligundua mambo haya ya kutembelea upepo. Tukamweleza kwamba tairi la upepo lilianza kupata umaarufu mwaka 1888 huko Belfast, pale daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Akasema, "Kumbe ilianza kwa mtoto." Ndivyo.

Wale wanaopanda na familia hadi Saadani watakutana na mchanga, na madereva wa huko hupunguza upepo makusudi ili tairi litandike lisizame. Ni sawa, mradi urudishe kabla hujarudi kwenye lami. Hapo pampu ya betri inafaa kuliko sehemu nyingine yoyote, maana mafundi hawako kila mahali. Vivyo hivyo kwa wanaokatiza Bagamoyo hadi Msata kwenda Tanga au Moshi: pimeni nyumbani, pamoja na la akiba, kabla ya kupakia masanduku.

Ikitokea umeharibikiwa njiani, ondoa gari barabarani kabisa, weka pembetatu, washushe watoto upande usio na magari na uwasogeze mbali ndipo ushughulike na tairi. Kama umelitembelea likiwa tupu, usilijaze. Funga la akiba.

Yule kijana wa mwembeni tumekuwa wateja wake. Tulidhani tukinunua pampu tungekuwa tumemnyang'anya riziki, kumbe tunamwendea mapema na vidonda vidogo. Mwezi uliopita daftari lilionyesha tairi la mbele kulia limetoka 32 hadi 29 kwa wiki moja. Tukapaka sabuni, povu likatoka kwenye valvu. Tulimpelekea siku hiyo hiyo, akabadilisha kipini cha ndani, kazi ya dakika chache. Akauliza, "Mama, leo mmejuaje?" Tukamwonyesha daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudi kwenye Jumapili ile, ambapo kwenye safu ya nyuma kushoto tumeandika sifuri.