Injini ya Gari la Zamani Iliyoundwa Upya: Ipimwe kwa Mzigo Kabla ya Malipo ya Mwisho

Malalamiko ya wenye magari ya zamani hufanana. Fundi huiwasha injini aliyoifumua na kuiunda upya, nayo hunguruma kwa utulivu juu ya fremu. Mteja hufurahi, hulipa, kisha injini huchemka kwenye mlima wa kwanza.

Kunguruma bila mzigo ni ushahidi hafifu. Injini isiyovuta kitu huhitaji petroli kidogo tu ya kujizungusha yenyewe. Shinikizo ndani ya silinda huwa dogo, na ringi hazisukumwi vya kutosha kwenye kuta. Ikiachwa hivyo kwa saa nyingi ingali mpya, kuta hizo hung'ara kama kioo, ringi hushindwa kukaa sawasawa, na injini huanza kula oili.

Tuchukue mfano wa Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967. Silinda zake ni silivu zinazochomoka, zikizungukwa na maji moja kwa moja. Gasketi iliyo chini ya silivu isipokaa vizuri, maji huweza kupenya kwenye oili, na aghalabu hilo halionekani mpaka injini ipate joto na kubebeshwa mzigo. Kijiti cha kupimia oili kikitoka na rangi ya maziwa, jaribio lisimamishwe papo hapo.

Viwandani hutumika breki ya maji, ambayo William Froude aliibuni mwaka 1877 kwa ajili ya injini za meli. Rota hukoroga maji, maji huikaba, na nguvu yote ya injini hugeuka kuwa joto. Hapa ndipo wanaojaribu nyumbani hukosea hesabu. Kilowati 30, ambazo si nyingi kwa injini kama hii, hupandisha joto la lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 75 kwa dakika 12 hivi. Pipa moja halitoshi. Rediyeta nayo hupokea joto jingine lisilo dogo, bila upepo wa barabarani wa kuipoza.

Kwa sababu hiyo hatushauri mzigo kamili ujaribiwe nyumbani. Mzigo mdogo unawezekana: jenereta iliyoondolewa injini yake huendeshwa kwa mkanda, na umeme wake hulishwa kwenye hita za maji, moja baada ya nyingine. Kilowati 5 ni sehemu ndogo ya uwezo wa injini, lakini mara nyingi hutosha kufichua uvujaji. Jenereta hiyo isiunganishwe kamwe na nyaya za nyumba.

Fremu ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya zege, kwani injini iliyobebeshwa mzigo hutaka kujipindua, matofali hayaizuii. Mkanda na flaiwili vifunikwe. Moshi wa ekzosti una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hivyo kazi ifanyike uwanjani, si ndani ya gereji, hata milango ikiwa wazi. Tangi la petroli liwe mbali na ekzosti, kizimamoto cha unga kiwe karibu, na watoto wasiwepo. Majirani nao waarifiwe. Kelele ya saa nzima si jambo dogo.

Ugomvi mchungu zaidi huja baada ya injini kuharibika: fundi husema mteja aliichemsha, mteja husema ringi zilifungwa vibaya, na hakuna karatasi yoyote. Tunamshauri mlaji akubaliane na fundi kwa maandishi, kabla kazi haijaanza, kwamba fundi atakuwepo wakati wa jaribio. Shinikizo la oili injini ikiwa ya moto, joto la maji, na mgandamizo wa kila silinda kabla na baada ya jaribio viandikwe na kutiwa saini na wote wawili. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mteja hadi hapo. Asiye na vifaa hivi airudishe injini garini, apande mlima mrefu fundi akiwa kando yake, kisha vipimo vilevile vichukuliwe.