Fahamu: Kwa nini risasi humpata aliyekwisha kujificha

Mchezaji wa mchezo wa video wa Valorant ameshajibanza nyuma ya ukuta, lakini anakufa. Hajaonewa. Kwenye skrini ya adui bado alikuwa wazi, kwa kuwa taarifa huchelewa njiani, na seva hurudisha saa nyuma kidogo ili kumtendea haki mpigaji.

Muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi huitwa pingi, nao hupimwa kwa milisekunde. Riot Games, iliyoutoa mchezo huo Juni 2020, ilijiwekea lengo la pingi chini ya 35 kwa asilimia 70 ya wachezaji, pamoja na seva zinazosasisha mchezo mara 128 kwa sekunde.

Umbali ndio mkaidi. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani, hata kebo ingenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 70. Na kebo hazinyooki.

Mengine yako nyumbani. Mipangilio ya mchezo huonyesha grafu ya pingi na pakiti zinazopotea. Ikirukaruka, mtuhumiwa wa kwanza ni Wi-Fi, wa pili ni ndugu anayepakua filamu sebuleni. Waya humaliza kesi ya kwanza.