Jino la mwanangu lilipong'olewa, nikaanza kuhesabu vijiko vya sukari

Mtoto wangu wa pili ana miaka minne na ameshang'olewa gego moja. Daktari alipomaliza kumfuta machozi, aliniuliza: “Mama, asubuhi huyu anakunywa nini?”

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba anakunywa uji wa lishe.

“Na kwenye uji unatia vijiko vingapi vya sukari?”

Hapo nikanyamaza. Sikuwahi kuhesabu.

Mpaka siku ile nilikuwa nimejituliza na jibu letu la siku zote hapa Karatu: meno ya watoto wetu yanaharibiwa na maji. Ni kweli kwamba maji ya maeneo mengi ya ukanda huu wa Bonde la Ufa yana madini mengi ya floridi, na magadi tunayotia kwenye maharage na makande huyaongeza. Ndiyo maana wenyeji wengi wa Arusha na Manyara wana meno ya kahawia. Lakini rangi ile huingia jino likiwa bado linajiunda ndani ya fizi. Tundu ni habari nyingine. Tundu linatokana na bakteria wa mdomoni wanaokula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Kila mtoto anapoonja kitu kitamu, kazi hiyo inaanza upya. Anayekunywa kikombe cha chai tamu kidogo kidogo kwa saa nzima anaumia zaidi kuliko anayekimaliza mara moja.

Niliporudi nyumbani nikachukua kijiko na daftari. Uji wa asubuhi, vijiko viwili vya kujaa. Chai ya saa nne, viwili. Chai ya jioni, viwili. Nilipovisawazisha kwa kisu, vikawa kama kumi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ni vizuri zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa umri wa wangu, hiyo asilimia 5 ni kama vijiko vinne tu vya chai, vilivyosawazishwa. Na hapo sijahesabu soda ya Jumapili, ambayo chupa yake ya mililita 350 peke yake ina karibu vijiko tisa.

Nikamfuata jirani yangu, ambaye ni mpishi kwenye loji moja upande wa kwenda lango la Lodoare. Huko wanapokea wageni wasiokula chochote kitokanacho na mnyama: si nyama, si maziwa, si mayai, hata asali hawagusi kwa kuwa ni jasho la nyuki. Keki zao anazipika kwa ndizi zilizoiva sana na tende. Nikamwomba anifundishe.

Alicheka. “Dada, wanangu wanakunywa chai ya sukari kama wako. Yale ya kule ni kazi.”

Lakini alinifundisha. Kwanza alinivunja moyo kuhusu vile nilivyodhani ni mbadala.

Nilianza na asali, kwa sababu sote tunaamini kitu cha porini hakina madhara. Asali ni sukari, tena kijiko chake ni kizito kuliko cha sukari ya dukani. Ushahidi uko wilayani kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu meno ya Wahadzabe uliwakuta wanaume wanaoishi porini, ambao asali kwao ni chakula hasa, wakiwa na meno mengi yaliyotoboka. Watafiti walitaja asali, pamoja na tumbaku, miongoni mwa sababu. Na kwa wenye vichanga: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asirambishwe asali hata kidogo, hata kama bibi na shangazi wanasema inafungua koo. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvishinda, na vikamletea sumu ya kulegeza mwili na kumzuia kupumua.

Sukari guru nayo ni juisi ya muwa iliyochemshwa ikaganda. Ina madini kidogo na harufu nzuri, lakini kwa jino ni sukari tu. Sharubati ya agave wanayokuja nayo baadhi ya wageni inatoka kwa mmea ambao ni ndugu wa mkonge wetu wa Tanga, na bei yake si ya kutaniana. Nayo ni sukari. Stevia haina sukari, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu vya aina hiyo visitegemewe kupunguza uzito. Mimi sikuona sababu ya kumzoesha mwanangu utamu mkali wa jina jingine.

Kilichobaki ni matunda yenyewe, mazima, na nyuzi zake. Hapa ndipo tunapoishi kwenye utajiri tusiouona. Ndizi zinashuka sokoni kutoka Mto wa Mbu karibu kila siku, nyekundu, mkono wa tembo, na zile ndogo tamu ziitwazo kisukari (jina lisikutishe). Zikianza kuwa na madoa meusi wauzaji hushusha bei, na hapo ndipo zinafaa. Mimi naponda mbili na kuzikoroga kwenye sufuria ya uji wa ulezi nikiisha kuipua. Siku nyingine naloweka tende tatu usiku kwenye maji ya moto, natoa kokwa, naziponda na maji yake. Tende hunata kwenye meno, kwa hiyo usimpe mtoto aitafune halafu akalale bila kupiga mswaki. Ubuyu mweupe, ule usiopakwa sukari na rangi nyekundu, ni mchachu, lakini ukichanganywa na ndizi watoto wanaupenda.

Nilipata upinzani nyumbani, na haukutoka kwa mtoto. Ulitoka kwa mama mkwe.

“Mwanangu, mjukuu wangu anywe chai isiyo na sukari, tumefiwa?”

Nilikasirika kimoyomoyo, mpaka jioni moja aliponisimulia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari ilipopotea madukani. Ilikuwa ni foleni na mgawo. Mgeni akija, kasukari kaliko fichwa kabatini ndiko kalikotolewa. Kumnyima mtu sukari kwao ilikuwa kumwambia hana thamani. Hata sisi tuliionja kidogo hali hiyo mwanzoni mwa 2024, kilo ilipopita Sh4,000. Nikamwelewa.

“Sasa mama, wakati ule watoto mliwapa uji wa nini?”

“Wa kimea,” akasema, kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu.

Mimi kimea nilikijua cha pombe tu. Kumbe ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipue siku mbili tatu, ukaanikwa hadi ukauke kabisa na kusagwa, wanga wake huanza kugeuka kuwa utamu mwepesi. Unapika uji mzito wa kawaida, unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Uji unalainika mbele ya macho yako na kupata utamu wa mbali. Kisha unaurudisha motoni uchemke tena. Faida yake kubwa si utamu bali ni kwamba mtoto mdogo anaweza kumeza uji wenye unga mwingi badala ya maji ya unga. Ila ulezi ukiota ukungu, tupa wote.

Sukari yenyewe sikuikata ghafla. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, kwenye vikombe vyetu sote, akiwemo baba yake ambaye alilalamika zaidi ya watoto. Wiki ya tano hakuna aliyeuliza tena. Uji sasa hauna sukari kabisa, chai ina kijiko kimoja, na soda tumeiacha ya sikukuu.

Juzi nimemkuta mama mkwe jikoni akimwongezea mjukuu wake sukari kidogo kwenye kikombe, jicho moja mlangoni. Nikapita kama sijaona. Nje, kwenye jamvi, alikuwa ameanika ulezi uliochipua, na mtoto amewekwa kulinda kuku wasiule.