Mwanafunzi akibisha hodi na hojaji: jinsi utafiti mdogo wa afya unavyofanywa na unavyopimwa

Wakazi wengi wa kaunti yetu wamewahi kumpokea kijana mwenye koti jeupe, kitambulisho cha chuo shingoni na rundo la karatasi mkononi. Huyo ni mwanafunzi wa uuguzi, lishe, utabibu au afya ya jamii, na kozi nyingi za aina hiyo humtaka afanye utafiti mdogo kabla ya kuhitimu. Wapo wanaomfukuza wakidhani anaandikisha kura au anauza dawa, na wapo wanaojibu kila kitu bila kuuliza lolote. Kisha miezi kadhaa baadaye mtu husimama kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti na kusema, "Utafiti umeonyesha asilimia 70 ya akina mama wetu…" Hapo ndipo karatasi za mwanafunzi zinapoanza kugusa fedha za wadi.

Tuanze mlangoni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inamtaka anayefanya utafiti nchini awe na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Utafiti unaohusu watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, ambayo huangalia kama maswali yanaweza kumdhuru au kumdhalilisha anayejibu. Leseni ina alama ya mraba ambayo unaweza kuisoma kwa simu na kuthibitisha kuwa ni halali. Kitambulisho cha chuo peke yake hakitoshi. Ukiwa na shaka, mwulize chifu au mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako kama wana habari kuhusu mgeni huyo.

Kabla ya swali la kwanza, mwanafunzi anapaswa kukueleza anatafuta nini, atachukua muda gani na majibu yatawekwa wapi. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, na huduma yako ya zahanati haitabadilika kwa sababu hiyo. Jina lako halina kazi kwenye hojaji, nambari inatosha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la habari nyeti, na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Akitaka damu au mkojo, uliza zaidi: sampuli itapelekwa wapi, na je, utaambiwa matokeo?

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe. Tuseme mwanafunzi anataka kujua kwa nini waja wazito wengine huchelewa kuanza kliniki. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza angalau mara nane za kuonana na mhudumu wa afya, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, kwa hiyo swali ni zuri. Mwanafunzi anakaa zahanati Jumanne na Alhamisi, anawahoji akina mama 60, na 42 kati yao wanasema tatizo ni umbali. Hiyo ni asilimia 70. Ripoti inaandikwa, na mapendekezo ni kujenga zahanati nyingine.

Kosa la kwanza liko kwenye benchi la kusubiria. Wote waliohojiwa walifika kliniki. Mama ambaye hakufika kabisa, ambaye ndiye mwenye jibu tunalolitafuta, yuko nyumbani au sokoni. Hata ukiongeza idadi ya waliohojiwa pale benchini hadi 600, yeye bado hayumo. Ingefaa mwanafunzi apate orodha ya kaya kutoka kwa wahudumu wa afya ya jamii, achague baadhi kwa bahati nasibu na kuwafuata walipo. Ni kazi ya miguu na vumbi, na ndiyo maana wengi huikwepa.

La pili ni idadi. Hata kama hao 60 wangechaguliwa kwa bahati nasibu, ile asilimia 70 ingemaanisha kwamba ukweli huenda uko popote kati ya 58 na 82. Walimu wa vyuo hupenda kutaja watu 384, kwa sababu idadi hiyo hupunguza kuyumba hadi pointi tano hivi juu au chini. Ukitaka kuyumba kupungue kwa nusu, lazima uongeze watu mara nne. Mwanafunzi asiye na nauli hafiki huko, na si aibu. Aibu ni kuandika "akina mama wa kaunti" pale alipopaswa kuandika "akina mama 60 wa zahanati moja".

La tatu ni swali lilivyoulizwa. Hojaji nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa papo hapo. Uliza "una presha?" na mmoja atajibu kuhusu shinikizo la damu, mwingine kuhusu karo ya shule. Halafu kuna aibu. Mama mkwe akiwa ameketi kando, msichana aliyeficha mimba hatasema aliificha. Atasema "ni mbali," kwa kuwa jibu hilo halimvunjii mtu heshima. Kaunti ikijenga zahanati kwa jibu hilo, huenda jengo likasimama na wale wale wasije. Dawa yake ni kuijaribu hojaji kwanza kwa watu wachache wa wadi jirani, na kuhoji faraghani.

Haya hayamaanishi kwamba utafiti mdogo hauna thamani. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 tu wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti huku chakula kingine kikiwa sawa. Wawili waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu upesi kuliko wote. Alikuwa na wachache, lakini alilinganisha, na tofauti ilikuwa kubwa ya kuonekana kwa macho.

Ripoti ya mwanafunzi ikisomwa mbele yako, iwe barazani au kwenye kikao cha bajeti, uliza: waliohojiwa walikuwa wangapi, walipatikana wapi, nani aliachwa nje, na swali lenyewe lilisomekaje? Ripoti nzuri huwa na sehemu inayoeleza upungufu wake. Ikikosekana, hilo nalo ni jibu. Na mwanafunzi aliyekuchukulia nusu saa ana deni la kurudi kueleza alichokipata, jambo ambalo kwa maoni yetu halifanywi vya kutosha.

Ukiona habari zako za afya zimesambazwa bila idhini yako, unaweza kulalamika kwa kamati ya maadili iliyotajwa kwenye fomu uliyotia sahihi, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kwa hiyo usiiache nakala yako ya fomu mikononi mwa mwanafunzi. Ihifadhi pamoja na vyeti vyako.