Kutu Chini ya Mafuta

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, bunduki nyingi za aina ya Mosin-Nagant zilitolewa katika maghala ya jeshi na kuuzwa kwa raia, hasa nchini Marekani. Bunduki hiyo ilianza kutumiwa na jeshi la Urusi mwaka 1891, ikapigana vita vyote viwili vya dunia. Mnunuzi aliyefungua sanduku aliikuta imevikwa grisi nzito ya rangi ya hudhurungi, iliyojaa hata ndani ya mtutu na kunywewa na mti wa kitako. Ni grisi hiyo iliyoilinda chuma kwa miongo ya miaka ghalani.

Kuiondoa kwataka subira kuliko ujuzi. Mwenye bunduki huhakikisha kwanza kwamba hamna risasi ndani, kisha hukichomoa chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Grisi ya namna hiyo hutokana na petroli. Haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta ya taa, kwa kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja wa haidrokaboni. Kazi hufanywa nje ya nyumba, mbali na moto. Wengine huilainisha grisi kwa maji ya moto, na wakiyamwaga katika karo la jikoni, grisi huganda tena ndani ya bomba. Hapo huanza usafi wa pili.

Taabu yenyewe huja baadaye. Mwenye bunduki huenda kulenga shabaha kwa risasi za zamani za jeshi, ambazo ziliuzwa pamoja na bunduki hizo. Arudipo nyumbani hupitisha vitambaa vyenye mafuta ndani ya mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, akaridhika. Siku chache zikipita, hasa katika majira ya unyevu, hutazama ndani ya mtutu akaona madoa mekundu. Mafuta yapo, na kutu imo chini yake.

Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa baruti. Ilidhaniwa kwamba baruti isiyo na moshi huacha asidi ndani ya mtutu. Kwa hiyo wanajeshi wa Marekani waliosha mitutu kwa maji ya magadi, na kwa kuwa magadi huiondolea asidi ukali wake, na mitutu iliyooshwa hivyo haikushika kutu, nadharia ilionekana kuwa imethibitika. Mwaka 1922 mkemia Wilbert J. Huff, wa Idara ya Migodi ya Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya kutu inayotokea chini ya utando wa mafuta, akaonyesha kwamba mkosaji hakuwa baruti. Alikuwa fataki.

Fataki ni kile kikombe kidogo kilichomo katika kitako cha risasi, chenye mchanganyiko unaowaka ukigongwa. Katika risasi za zamani mchanganyiko huo ulikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikipata joto huachia oksijeni:

2KClO₃ → 2KCl + 3O₂

Oksijeni hutumika papo hapo katika kuwaka. Kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, nayo husambaa mtutuni kama vumbi jembamba lisiloonekana. Ikiwa kavu haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 84, chumvi hii huvuta maji kutoka hewani hata ikayeyuka yenyewe. Watu wa pwani waijua tabia hiyo kwa chumvi ya jikoni, ambayo hulowa kibakulini wakati wa masika. Tone hilo la maji ya chumvi hupitisha umeme: chuma hupoteza elektroni mahali pamoja, oksijeni huzipokea mahali pengine, na ioni za kloridi huharibu utando mwembamba unaoukinga uso wa chuma. Matokeo yake ni vishimo ambavyo hakuna brashi iwezayo kuvifuta.

Mafuta hayasaidii, maana molekuli zake hazina nguvu ya kuzitenganisha ioni za chumvi. Huifunika tu, na unyevu pamoja na oksijeni hupenya utando wake polepole. Maji huzitenganisha mara moja. Gramu 100 za maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huyeyusha kiasi cha gramu 34 za kloridi ya potasiamu, na masalio ya mtutuni ni kidogo mno kuliko hapo. Basi magadi yalipewa sifa ya kazi iliyofanywa na maji.

Askari wa Uingereza walimimina maji yanayochemka mtutuni kwa faneli. Hata maji baridi yangeiondoa chumvi. Faida ya joto ni kuupasha mtutu moto ili ukauke upesi, kabla kutu haijaanza. Mafuta hupakwa mwisho, juu ya chuma safi na kikavu.

Kosa la zamani bado linaishi kwa sura mpya. Wako wanaoshikilia kwamba sharti mtutu uoshwe kwa amonia, eti ivunje ukali wa chumvi. Kloridi ya potasiamu si asidi wala si besi, na amonia haina la kuifanya. Kinachosafisha ni maji yaliyomo katika chupa hiyo hiyo. Kazi ya kweli ya amonia ni kuyeyusha shaba iliyoachwa na risasi, na dalili yake ni rangi ya buluu kwenye kitambaa.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani bila silaha yoyote. Misumari minne ya chuma isuguliwe kwa msasa na kulazwa juu ya visahani. Mitatu inyunyiziwe chumvi laini iliyo kavu. Wa kwanza uachwe hivyo. Wa pili umiminiwe mafuta juu ya chumvi. Wa tatu uoshwe kwa maji ya moto, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta. Wa nne upakwe mafuta bila kuguswa na chumvi, uwe wa kulinganishia. Vyote vifunikwe pamoja na bakuli la maji ili hewa ijae unyevu. Wanafunzi waandike makisio yao kabla ya kufunika, kisha watazame kila siku kwa juma moja, wakiuangalia zaidi msumari wa pili.